Nani hukikagua kifaa kinachotukagua mlangoni?

MTU akisimama kwa nusu saa mbele ya benki au supamaketi mjini Moi's Bridge, atashuhudia mchezo ambao Wakenya wameuzoea hadi hawauoni tena. Mkulima aliyetoka kuuza mahindi anafika mlangoni na kuinua mikono. Bawabu anampitishia kifaa cha kutambua vyuma kifuani na kiunoni. Kifaa kinalia. Bawabu anamwashiria apite, naye anapita. Hakuna aliyeuliza kilicholia ni nini.

Huenda ilikuwa simu au kishada cha funguo. Huenda pia kikawa kitu kingine. Iwapo jibu la swali hilo halimshughulishi bawabu, wala msimamizi wake, wala mwenye jengo, basi yafaa tuulize upekuzi huo unafanywa kwa ajili ya nani.

Desturi yenyewe haikuanza kwa mzaha. Mnamo Agosti 7, 1998, magaidi wa al-Qaeda walilipua ubalozi wa Marekani jijini Nairobi na kuua watu 213, wengi wao Wakenya waliokuwa katika shughuli zao za kawaida. Siku iyo hiyo watu wengine 11 waliuawa Dar es Salaam. Mnamo Novemba 2002 hoteli ya Paradise, Kikambala, ikashambuliwa. Kisha likaja shambulio la Westgate, Septemba 21, 2013, lililoua watu 67. Tangu hapo kifaa hicho cheusi chenye umbo la kijiti kimetoka katika majengo ya kifahari ya Nairobi na kuingia hadi miji ya mashambani, makanisani na hata kwenye lango la shule.

Ni vyema kukumbuka kilichotendeka langoni siku ile ya 1998, kwa maana inaonekana tumekisahau. Lori lililobeba bomu lilitaka kuingia kupitia upande wa nyuma wa ubalozi. Bawabu Mkenya, asiye na bunduki, alikataa kufungua. Hakuwa na mashine ya kumwambia kilichomo ndani ya lori. Alikuwa na macho yake na maagizo aliyopewa. Alijaribu kuwaita kwa redio wanajeshi wa Marekani waliolinda jengo, lakini masafa yalikuwa yakitumiwa na wengine na hakuwapata. Lori likalipukia nje badala ya chini ya jengo. Maafa yalikuwa makubwa mno hata hivyo, na lau lango lingefunguliwa yangezidi.

Kilichosaidia asubuhi hiyo ni mtu aliyejua kazi yake na kushikilia msimamo. Kilichokosekana ni njia ya kumfikia mwenzake upesi. Sisi, baada ya msiba ule, tulijifunza kununua vifaa.

Mashambulio yaliyofuata yalionyesha upungufu wa somo hilo. Westgate ilivamiwa na watu wanne wenye bunduki na gruneti, na waliokuwa langoni ni walinzi wasio na silaha. Katika Chuo Kikuu cha Garissa, Aprili 2, 2015, magaidi walianza kwa kuwapiga risasi walinzi wa lango kabla ya kuingia mabwenini. Watu 148 waliuawa. Pale Riverside jijini Nairobi, Januari 15, 2019, mmoja alijilipua karibu na mkahawa ulio ndani ya eneo la hoteli ya DusitD2 na wenzake wakaingia wakifyatua risasi. Watu 21 waliangamia. Anayekuja akifyatua risasi hahitaji kutambuliwa kwa kifaa.

Hii haimaanishi kwamba kifaa hakina kazi. Kinaweza kumfichua jambazi aliyeficha bastola chini ya koti, na huenda kikamtia wasiwasi anayepanga kuja kesho. Ila ni sharti kieleweke kilivyo. Ndani yake mna koili inayopitisha umeme na kutoa uga wa sumaku. Chuma, shaba au aluminiamu ikikaribia, uga huo huvurugika na kifaa hulia. Basi, hayo tu. Hakitofautishi bastola na kijiko, na baruti isiyo na madini hakiioni kabisa. Kikipitishwa kwa haraka, mbali na mwili, jinsi wafanyavyo mabawabu wengi wenye foleni ndefu mbele yao, kisu kinaweza kupita. Betri ikiisha nguvu, kitanyamaza mbele ya bunduki sawasawa na kinavyonyamaza mbele ya shati la pamba. Kimya chake kina maana mbili, na aliye mlangoni hana njia ya kuzitenganisha iwapo hakukijaribu kabla ya zamu kuanza.

Hivi majuzi nilimwuliza bawabu mmoja katika mji huo kifaa chake kilijaribiwa lini mara ya mwisho. Alikigeuza upande huu na ule, akatabasamu kwa adabu. "Mzee, mimi nilikikuta hapa," akasema.

Asicheke mtu. Mataifa yenye majeshi makubwa yamepumbazwa vibaya kuliko hivyo. Mfanyabiashara Mwingereza kwa jina James McCormick aliiuzia Iraq vifaa vilivyoitwa ADE 651, akidai vinanusa mabomu. Vilitokana na vidude vya bei rahisi vya kutafutia mipira ya gofu, na havikuwa na chochote ndani cha kutambua lolote. Iraq ilitumia mamilioni ya dola kuvinunua, na askari wake walisimama navyo kwenye vizuizi vya barabara za Baghdad huku magari yenye mabomu yakipita. McCormick alihukumiwa jijini London mwaka 2013 kifungo cha miaka 10. Kilichomwezesha kuuza kwa muda wote huo ni kwamba wanunuzi hawakukipima kifaa kwa uzito uliostahili. Kuwepo kwake mkononi mwa askari kulitosha kuwatuliza.

Turudi Moi's Bridge. Mji huu, ulioitwa Hoey's Bridge enzi za ukoloni kutokana na mlowezi aliyejenga daraja la kuvukia Mto Nzoia, umo katika barabara ya kutoka Eldoret kwenda Kitale, pale Uasin Gishu inapopakana na Trans Nzoia na Kakamega. Ni mji wa mahindi na soko. Watu huja hapa kununua panga, jembe, misumari, kufuli, minyororo na spea za trekta, kisha huingia benki au dukani na mizigo yao. Kifaa kitalia kwa karibu kila mmoja wao. Bawabu aliyekisikia kikilia tangu asubuhi hukoma kukisikiliza ifikapo adhuhuri, na hilo ni tabia ya binadamu yeyote, si uzembe wake pekee.

Isitoshe, hofu kubwa zaidi iliyoukumba mji huu katika miaka ya karibuni haikupitia mlango wa jengo lolote. Kati ya mwisho wa 2019 na katikati ya 2021, wasichana watano waliuawa Moi's Bridge na viungani mwake kabla ya mshukiwa kutiwa mbaroni. Walikuwa watoto. Katika miezi hiyo yote mabawabu waliendelea kupekua mikoba ya akina mama mlangoni, na haikosi kila mwenye jengo aliamini kwamba ametimiza wajibu wake wa usalama.

Kuna pia suala la sheria. Sheria ya Udhibiti wa Huduma za Ulinzi wa Kibinafsi ya 2016 ilimpa mlinzi uwezo wa kumpekua anayeingia au kutoka katika jengo analolinda, kunakili habari za kitambulisho chake na hata kukishika kwa muda. Huo ni uwezo mzito, kwa kuwa Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 31, inamkinga raia dhidi ya kupekuliwa mwili na mali yake, na Kifungu cha 28 kinalinda heshima yake. Tuliukubali kwa sababu tuliambiwa utatuokoa. Sasa tazama unavyotumiwa. Mwenye suti hupigiwa saluti. Buti ya gari kubwa hufunguliwa na kufungwa kabla ya macho ya mlinzi kuifikia. Mwenye gunia na viatu vya matope hukaguliwa mara mbili, na Mkenya wa asili ya Kisomali hukaguliwa mara tatu. Upekuzi unaochagua sura humfundisha mhalifu avae vizuri.

Simlaumu bawabu. Wengi wao husimama saa 12 kwa siku, wakilipwa ujira usiotosha kodi ya nyumba na karo. Mamlaka inayodhibiti sekta hiyo ilipotaka mlinzi wa Nairobi alipwe angalau Sh30,000 kwa mwezi, ulizuka mvutano mkali na kampuni zinazowaajiri. Mteja anayenunua ulinzi wa bei ya chini kabisa huletewa mtu mmoja, sare moja na kifaa kimoja, na hulala usingizi.

Katika viwanja vya ndege, lango la kutambua vyuma hujaribiwa kwa kipande maalumu cha chuma kabla ya abiria kuruhusiwa kupita. Benki ya Moi's Bridge haihitaji kipande maalumu. Kisu cha jikoni kikifichwa ndani ya koti la msimamizi kila asubuhi kitatosha, na matokeo yaandikwe katika daftari lile lile ambamo sisi huandika majina na nambari zetu za vitambulisho. Bawabu aelezwe hatua ya pili baada ya kifaa kulia: nani atampekua mwanamke, mzigo uwekwe wapi, foleni isimamishwe vipi. Apewe pia nambari ya simu ya kituo cha polisi ambayo imejaribiwa na kupokewa, saa nane mchana na saa nane usiku. Yule mwenzake wa 1998 alifanya kila alichofunzwa, kisha akaita bila kusikika.