Bethlehemu Iko Upande Gani?

Asubuhi ya Julai, Sumbawanga hakuna anayevua koti. Kwenye kijiwe cha bodaboda jirani na soko, madereva wanne walijikunyata kuzunguka birika la muuza kahawa, wawili kati yao wakibishana. Pikipiki ya mmoja ilifungwa kibendera cheupe chenye mistari ya bluu na nyota ya Daudi. Mwenzake alijizungushia shingoni kile kitambaa cha Kipalestina cha mraba-mraba, cheusi na cheupe. Ni marafiki wa siku nyingi, hukopeshana hela ya mafuta. Mwenye nyota alikuwa na aya, mwenye kitambaa alikuwa na video kwenye simu, na kila mmoja alikuwa na hakika kwamba anajua nani mwenye nchi. Pembeni alikaa mzee mmoja, katekista mstaafu, akisubiri kikombe chake kipoe.

"Wajukuu zangu," akasema, "Bethlehemu iko upande gani?"

"Israeli, babu," mwenye nyota akajibu papo hapo.

"Na wewe?"

Mwenye kitambaa akakuna kidevu. Akasema labda kweli ni Israeli.

Bethlehemu, mzee akawaeleza, iko Ukingo wa Magharibi wa Mto Yordani. Tangu Desemba 1995 inaendeshwa na Mamlaka ya Palestina, na meya wake kwa utaratibu uliowekwa ni Mkristo: Mkristo Mwarabu, anayesali kwa Kiarabu na kumwita Mungu Allah. Mzee alipofika hapo kelele zikaanza upya, na safari hii wale wawili walikuwa upande mmoja, wakimbishia yeye.

Mgogoro wa Waisraeli na Wapalestina tunautazama kama mechi ya Simba na Yanga. Jezi ulivalishwa nyumbani kwenu, sababu unazitafuta baadaye. Nasema hivi bila kujitoa, maana nami nilikulia ndani ya jezi. Kinachonisumbua ni kwamba Ufipa yetu hii ina mambo yake yenyewe ya kuupimia ugomvi huu, nayo tumeyaweka darini.

Lugha ina sehemu yake ya lawama. Katika Biblia tuliyokua nayo, Israeli ni Yakobo, ni uzao wake, ni ufalme wa kale. Katika taarifa ya habari ya saa mbili usiku, Israeli ni dola iliyotangazwa Mei 14, 1948, yenye waziri mkuu, bajeti na vyama vinavyogombania viti. Jina ni hilohilo. Mhubiri akiwataka waumini waibariki Israeli, hana haja ya kueleza anaikusudia ipi, na pengine hata yeye hajajiuliza. Upande wa pili wamesimama Wafilisti, watu wa Goliathi, ambao masikioni mwa wengi ndio Wapalestina wa leo. Ni kweli jina limetokea huko: Warumi waliliita jimbo lile Palestina baada ya kuzima uasi wa Wayahudi katika karne ya 2. Lakini Wafilisti wenyewe walikuwa wamekwishapotea karne nyingi kabla ya hapo. Mtoto wa Gaza anabebeshwa mkuki wa Goliathi kwa sababu majina yamefanana.

Msikitini nako kuna mzigo wake. Mji ni Baitul Muqaddas, kibla cha kwanza, na neno Myahudi linaingia na visa vya Madina vya karne ya 7. Linabandikwa hivyohivyo kwa mwanafunzi wa Tel Aviv ambaye huenda Jumamosi iliyopita alikuwa barabarani akiandamana dhidi ya serikali yake.

Chini ya hayo Ufipa ina tabaka jingine, la kimisheni. Mapadre Weupe walipokea ngome ya Karema, pwani ya Ziwa Tanganyika, kutoka kwa Wabelgiji mwaka 1885, na kazi yao kubwa ya mwanzo ilikuwa kuwalea watumwa waliokombolewa. Adriano Atiman, tabibu aliyetibu watu Karema tangu 1889 hadi alipofariki 1956, mwenyewe alikuwa mtoto wa utumwani kutoka huko Mali. Kwa hiyo katika masimulizi waliyolelewa nayo bibi zetu, Mwarabu ni mtu wa minyororo. Misafara ya Ujiji ilikuwepo, na minyororo ilikuwepo; hakuna wa kuikana. Ila picha ikabaki ni hiyo moja, na bado inafanya kazi. Mtu wa Namanyere akiona kwenye televisheni mwanamke wa Gaza amebeba godoro kichwani, kuna kitu ndani yake kinachosema: hao ndio wale.

Sasa tazama kichekesho cha historia. Kanzu nyeupe ya mapadre hao, ile iliyowapa jina, ilishonwa kwa mfano wa vazi la Waarabu wa Algeria. Wazee wetu walibatizwa na Wazungu waliovaa Kiarabu. Na miaka saba kabla ya kukabidhiwa Karema, mwaka 1878, shirika hilohilo lilikwishapewa Kanisa la Mtakatifu Anna, ndani ya kuta za Yerusalemu, ambako mwaka 1882 lilifungua seminari ya kuwaandaa mapadre wa Kanisa la Wamelkiti. Wamelkiti ni Wakristo wa Kiarabu. Ukitafuta undugu wa Mkatoliki wa Ufipa katika nchi ile, wa mlezi mmoja, utaukuta kwa hao. Wakristo Waarabu wapo mpaka leo, Bethlehemu, Beit Sahour, Gaza. Papa Fransisko alikuwa akiipigia simu parokia ya Familia Takatifu ya Gaza karibu kila jioni hadi siku zake za mwisho, Aprili 2025. Julai mwaka huohuo kanisa hilo lilipigwa kombora na watu watatu wakafa. Sikuona kibendera cha bodaboda kikiteremshwa.

Yupo mtu aliyewahi kutupa mizani, na si padre wala shehe. Oktoba 1967, miezi minne baada ya Vita vya Siku Sita, Mwalimu Nyerere alizungumza mjini Mwanza mbele ya mkutano mkuu wa TANU. Aliweka mambo mawili ambayo kijiweni hayakai kwenye benchi moja. Kuanzishwa kwa Israeli, alisema, kuliwadhulumu Waarabu, na dunia ililinyamazia kwa sababu ya mateso ya Wayahudi. Lakini nchi hiyo sasa ipo na haiwezi kufutwa. Papo hapo akakataa kwamba ushindi wa vita unampa mtu haki ya kutwaa ardhi na kuwatawala wenzake. Alikuwa akiwasema marafiki: Waisraeli walitusaidia kuanzisha Jeshi la Kujenga Taifa mwaka 1963, na walikuwa na mkono katika ushirika wetu.

Wapo wanaosema Tanzania ilivunja uhusiano na Israeli Oktoba 1973 kwa kufuata mkumbo, kwa kuwa nchi nyingi za Afrika zilifanya hivyo ndani ya wiki chache, zikiwa na jicho kwenye mafuta ya Waarabu. Kwa baadhi ya nchi hilo linaweza kuwa kweli. Kwetu hoja ilikuwa imeandikwa miaka sita kabla, wakati hakuna aliyeahidi hata pipa moja. Ninapoachana na serikali ya enzi ile ni mwaka 1975, tulipoliunga mkono azimio la Umoja wa Mataifa lililoutangaza Uzayuni kuwa ubaguzi wa rangi, azimio ambalo Umoja wenyewe ulilifuta 1991. Mizani ya Mwanza ilipima matendo. Azimio lile lilihukumu hamu ya watu ya kuwa na kwao. Baadaye tulirudi katikati: Palestina tukaitambua 1988, uhusiano na Israeli tukaurudisha 1995, ubalozi Tel Aviv tukaufungua 2018, na Desemba 2023 tukapiga kura ya kutaka vita vya Gaza visimame. Wengine huuita huo undumilakuwili. Mimi naiona Mwanza ileile, imezeeka kidogo.

Lakini mizani iliyo karibu zaidi nasi ni Katumba. Mpaka Katavi ilipomegwa mwaka 2012, Katumba na Mishamo zilikuwa ndani ya Mkoa wa Rukwa, na wakazi wake tuliwaita wakimbizi wa sabini na mbili. Walikimbia mauaji ya Burundi ya 1972, wakapewa pori la kufyeka, wakalifanya shamba. Mtu aliyezaliwa Katumba, asiyewahi kuvuka mpaka, aliweza kukutajia kilima cha babu yake, kijito kinachopita chini yake na mahali migomba ilipoanzia. Tulidhani watasahau. Mwaka 2008 walipoulizwa wachague kurudi au kuwa Watanzania, wengi walichagua kubaki, na kuanzia 2014 takriban watu 162,000 wakapata uraia. Waliorudi, hasa upande wa Rumonge, walikuta mashamba yana watu, wengine wamegawiwa na serikali zamani, wamezaa hapo na kuzika hapo. Nani mwenye shamba, aliyefukuzwa au aliyezaliwa juu yake? Burundi iliunda tume ya ardhi kulijibu swali hilo, na majibu ya tume yakazua ugomvi mwingine.

Ukitoka Katumba na swali hilo mkononi, mwaka 1948 unasomeka vingine. Wapalestina wapatao 700,000 walitoka au walifukuzwa, na funguo za nyumba zile bado zinarithishwa. Katika miaka iliyofuata mamia ya maelfu ya Wayahudi walitoka Iraki, Yemeni na Moroko, nao hawana pa kurudi. Wengine walikuwa wamesalimika katika kambi za Hitler. Wajukuu wa wote hao wamezaliwa juu ya ardhi moja. Katumba inaonyesha kwamba kumbukumbu ya kwao haifi kwa kungojewa ife, na kwamba fundo lililegea pale watu walipopewa mlango wa pili: karatasi, shamba, na nafasi ya kuchagua wenyewe. Mpalestina aliyezaliwa kambini Lebanoni hajapewa mlango wowote. Mfano unakatika baada ya hapo, nakiri. Tanzania ilikuwa na pori la kugawa, hakuna aliyeipiga Katumba mabomu, na hakuna anayedai kwamba Mungu alimwahidi Rumonge.

Tunayo Milansi pia, hapahapa Ufipa. Wazee wanasimulia kwamba Ntatakwa, mkuu wa Milansi, alikuwa hayupo nyumbani siku walipofika wanawake wageni wakakikalia kiti chake. Aliporudi yalifanyika mapatano: wageni, Watwa, wakachukua utawala wa nchi, Milansi ikabaki na mlima wake na heshima ya mambo ya mizimu. Nimekisikia kisa hicho kikisimuliwa kama ujanja, nimekisikia kikisimuliwa kama makabidhiano. Hakuna Mfipa anayetaka kuirudisha nchi ilivyokuwa kabla ya siku ile, na hakuna anayethubutu kusema Milansi haikuwepo. Pale Yerusalemu wapo wengi, pande zote mbili, wanaosema hivyo hasa kuhusu jirani zao.

Nikiri jambo moja linaloniaibisha. Ng'ambo ya ziwa, mkabala na Kirando, kuna Moba. Wakongo wamekimbia vita miaka nenda rudi, dagaa wao tunawala, na sijaona pikipiki Sumbawanga yenye kibendera chao. Maiti za Darfur hazijapata hata kitambaa.

Vifo vya Israeli na Gaza, mbali kama viko, vilitufikia hata hivyo. Vijana wawili wa Kitanzania, waliokwenda Israeli kwa mafunzo ya kilimo kwa vitendo, waliuawa katika shambulio la Hamas la Oktoba 7, 2023, pamoja na watu wengine takriban 1,200. Mmoja alikuwa na wiki tatu hivi tangu afike. Mwili wake ulirejeshwa Novemba 2025. Katika miaka hiyo miwili, kwa hesabu za wizara ya afya ya Gaza, Wapalestina zaidi ya 67,000 walikuwa wameuawa. Wale vijana hawakwenda kwa ajili ya unabii. Walikwenda kujifunza kumwagilia.

Niliwasimulia hayo pale kijiweni, mzee akiwa amekwishaondoka. Mwenye nyota alinyamaza, akafuta kioo cha pikipiki kwa mkono wa koti. Abiria wa Kizwite alipokuja akampakia. Mwenye kitambaa ndiye aliyebaki nyuma, akasogea karibu, akaniuliza kwa sauti ya chini kama najua fomu za mafunzo hayo ya Israeli zinapatikana wapi. Ana diploma ya kilimo, alisema, na pikipiki si yake.