Vyombo Vyetu Navyo Vyataka Pumzi

Wahenga walinena kuwa dalili ya mvua ni mawingu. Nami naongeza kuwa dalili ya redio kuungua ni joto. Kila tufungapo shule na kurejea nyumbani, kuanzia Lanet hadi Kaptembwa, kuanzia Njoro hadi Gilgil, tunakuta mpangilio ule ule sebuleni: kabati kubwa la ukutani, ndani yake runinga, chini ya runinga risiva ya hom-thieta, na juu ya risiva kitambaa cheupe kilichofumwa kwa mkono. Kitambaa chapendeza, hilo silikatai. Hata hivyo, maoni yangu, ambayo niko tayari kuyatetea mbele ya yeyote, ni kwamba kitambaa hicho kinaimaliza mashine polepole. Na ile feni ambayo siku hizi kila mtu anaikimbilia haiwezi kuiokoa ikiwa kitambaa chenyewe kimebaki palepale.

Huenda mwanachama mwenzangu akauliza, "Sasa wewe, mambo ya mafundi yanaingiaje katika jarida la Kiswahili?" Yanaingia kwa mlango wa mbele, bwana! Kiswahili si cha mashairi na ngeli pekee. Ndicho tunachozungumza na fundi, na ndicho tunachosikiliza kupitia hizo spika. Tukishindwa kujadili kwa Kiswahili chombo kilichonunuliwa kwa jasho la wazazi wetu, basi tutajadili nini?

Kwanza tuelewe joto latoka wapi. Ndani ya risiva mna kikuza sauti, au amplifaya kama tunavyosema mtaani. Kazi ya kusukuma spika hufanywa na vipande vidogo viitwavyo transista. Stima inayoingia kupitia plagi haigeuki yote kuwa sauti. Katika risiva nyingi za hom-thieta, mashine ikifanya kazi kwa bidii, karibu nusu ya nguvu hupotea ikawa joto tupu. Isitoshe, hata sauti ikiwa chini kabisa, transista hupitisha umeme kidogo kila wakati ili ziwe tayari. Ndiyo maana ukiigusa risiva iliyowashwa bila kuimba chochote, utaipata vuguvugu. Redio ya babu ilisukuma spika moja au mbili. Risiva inasukuma tano au saba, na vikuza sauti vyake vyote vimebanana katika sanduku moja.

Waliounda mashine hizi hawakuwa wajinga. Walizifunga transista kwa skrubu kwenye bapa la alumini lenye mapezi mengi kama ya samaki, ili joto litandazwe na kuchukuliwa na hewa. Kisha wakatoboa matundu chini, kando na juu ya sanduku. Hewa ya moto ni nyepesi, hivyo hupanda na kutokea juu. Hewa baridi nayo huvutwa kutoka chini kushika nafasi yake. Ni kama dohani ya jiko, inafanya kazi usiku na mchana bila kelele wala malipo. Matundu yale ya juu, ndugu msomaji, si mapambo. Ukiyafunika kwa kitambaa umeziba dohani huku moto unawaka.

Je, joto likizidi lafanya nini? Ndani ya mashine mna vikopo vidogo viitwavyo kapasita, vyenye majimaji ndani. Mafundi wana kanuni yao ya kukadiria: kila joto likipanda kwa nyuzi 10 za Selsiasi, maisha ya kapasita hupungua kwa nusu. Yaani kapasita ambayo ingedumu miaka kumi itadumu mitano, na joto likipanda nyuzi 10 nyingine, miwili na nusu. Aidha, sehemu zilizounganishwa kwa lehemu hutanuka zikipata moto na kunywea zikipoa, mpaka siku moja zinapata ufa. Risiva nyingi zina ulinzi wa kujizima joto likipita kiasi. Mashine ikinyamaza ghafla usiitukane. Inakuomba hewa.

Jirani yetu mmoja, mzee wa makamo, aliwaalika watu kutazama mpira Jumamosi moja. Kipindi cha pili kilipopamba moto, sauti ikakatika ilhali picha ingali inaonekana. Wageni wakaanza, "Ah, hii stima yetu!" Stima ilikuwepo. Mashine ikapumzishwa kidogo, ikarudi, ikakatika tena. Mchezo ukawa huo kwa majuma kadhaa hadi ikanyamaza moja kwa moja. Ilipofunguliwa na fundi, transista mbili zilikuwa zimeungua na kapasita zimevimba vichwa. Fundi akamtazama mwenye mali akasema, "Mzee, hii haikuuawa na stima. Imeuawa na sweta." Sote tukacheka, ila mzee hakucheka, kwa sababu pesa za kuitengeneza zingelipa sehemu nzuri ya karo ya mwanawe.

Wapo watakaonijibu, "Lakini Nakuru si Mombasa. Huku kwetu ni baridi, joto la kuua redio litoke wapi?" Hoja hii yaonekana nzito, lakini ni nusu ya ukweli. Jiji letu liko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari. Katika kimo hicho hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu sehemu moja kati ya sita. Hewa nyepesi hubeba joto kidogo. Kwa hivyo ile baridi yetu inatusaidia kwa mkono mmoja, na wepesi wa hewa unatunyang'anya kwa mkono wa pili. Na wenzetu wa Marigat, ambako jua halina mzaha, watasemaje?

Hebu pia tujifunze kwa jirani zetu wa Naivasha. Kule Olkaria, ambako stima ya mvuke wa ardhini ilianza kuzalishwa mwaka wa 1981, mvuke ukishazungusha mitambo hupozwa ukawa maji, na maji hayo ya moto hupelekwa kwenye minara ya kupozea yenye feni kubwa juu yake. Wahandisi walijua kwamba mtambo usiotoa joto lake hauwezi kufanya kazi ipasavyo. Huenda stima inayofika sebuleni kwako imetoka kwenye mitambo hiyo hiyo, ambako joto limetengenezewa njia ya kutokea. Mbona sisi tuipokee na kuivisha kitambaa?

Sasa nije kwa mama zetu, nami naja kwa adabu. Mama hakuweka kitambaa kwa kutojua. Ana sababu mbili, na zote ni za haki. Ya kwanza ni vumbi. Inasemekana kuwa jina la Nakuru lenyewe latokana na neno la Kimaasai lenye maana ya mahali pa vumbi, na anayeishi hapa mwezi wa Januari na Februari hahitaji kuhadithiwa. Vumbi likijaa katikati ya mapezi ya alumini huwa nalo ni blanketi, kwa hivyo mama yuko sawa kulichukia. Sababu ya pili ni kwamba kitambaa ni kazi ya mikono yake. Amekifuma jioni baada ya jioni, pengine pamoja na akina mama wenzake wa chama. Mgeni akiingia, kitambaa ndicho kinachosema kuwa nyumba hii ina mwenyewe. Kijana atakayerudi nyumbani na kukivuta kwa dharau, "Mama, toa hii kitu," hatakuwa ameelimika hata kama amesoma fizikia mpaka ikaisha.

Kuna njia ya kati. Mashine ikiwa imezimwa na imepoa, ifunikwe, vumbi lisiingie. Ikiwashwa, kitambaa kiondolewe na kukunjwa vizuri pembeni, kama tunavyovua kofia tukiingia ndani. Au kitambaa kipewe cheo kikubwa zaidi: kitandikwe juu ya meza au migongoni mwa viti, mahali ambapo mgeni atakiona zaidi kuliko kule kabatini.

Na feni je? Vijana wengi wa siku hizi wanasema, "Wacha tu, tutafunga feni ya kompyuta." Naam, feni inasaidia, sibishi. Mafundi wetu wa jua kali huchukua feni ya volti 12 kutoka kwa kompyuta iliyokufa wakaiweka juu ya risiva. Ikiendeshwa kwa volti pungufu kidogo, saba au tisa hivi, huzunguka taratibu bila kelele. Lakini feni ina masharti yake. Lazima ielekezwe kuvuta hewa ya moto kwenda juu, kwa kuwa huko ndiko inakotaka kwenda. Ukiigeuza ipulize chini, inapigana na dohani. Pili, feni huleta vumbi jingi zaidi, kwa hivyo isipopigwa brashi mara kwa mara itaziba kile ilichokuja kufungua. Tatu, feni yenyewe hufa, na siku ikifa mwenye nyumba huendelea kujiamini akidhani analindwa. Nimeona kwa macho yangu feni iliyowekwa juu ya kitambaa, kitambaa juu ya risiva, na risiva ndani ya kabati lililofungwa kwa vioo. Feni hiyo ilikuwa inazungusha hewa ile ile ya moto. Huo ni sawa na kumpepea mtu huku umemfunika blanketi.

Jambo jingine linalotuponza ni kiu ya makelele. Mtu ana spika zake zilizokuja na mashine, kisha anatafuta nyingine kwenye vitu vya mtumba, anaziunga pamoja kwenye waya mmoja. Spika mbili za omu 8 zikiungwa ubavu kwa ubavu huwa omu 4. Mashine hulazimika kutoa umeme maradufu, na joto hupanda vivyo hivyo. Halafu tunadanganywa na maandishi ya kwenye boksi, wati elfu na ushei, ilhali mashine yenyewe haivuti hata wati mia mbili kutoka kwenye soketi. Sauti itoke wapi? Kweli, baadhi ya vikuza sauti vya kisasa, hasa vya wufa mpya, hupoteza joto kidogo mno kuliko vya zamani. Lakini hata hivyo vina transfoma au vifaa vya kugeuzia stima, na vifaa hivyo navyo hupata moto. Hakuna chombo cha umeme kisichotaka hewa.

Kwa hivyo, wanachama wenzangu, nawapa kazi ya likizo. Mkifika nyumbani, pimeni nafasi iliyo juu ya risiva au wufa yenu. Isipungue shubiri moja, na nyuma na kando pawe na upana wa kiganja. Vioo vya kabati viachwe wazi mashine ikiimba. Msiweke risiva juu ya king'amuzi wala king'amuzi juu ya risiva, kwani kila kimoja kitampikia mwenzake. Pangusa vumbi la nje kwa brashi laini, plagi ikiwa imetolewa. Lakini msifungue sanduku! Kapasita huhifadhi umeme hata baada ya plagi kutolewa, na soketi zetu ni za volti 240. Ndani ni mahali pa fundi.

Sisemi haya kwa sababu ya muziki pekee. Joto likizidi na pawepo kitambaa, mbao za kabati na mapazia karibu, huenda kikaungua kitu kikubwa kuliko transista, na watoto wamelala chumba cha pili. Nyumba nyingi za mitaa yetu zimeshikana ukuta kwa ukuta. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wenyewe huenda ukawa wa jirani.

Basi kaketi na mama, mpe pole na kazi, umsifu ufumaji wake, kisha umweleze kwa upole. Mwambie ashike mkono juu ya matundu ya mashine iliyowashwa, kitambaa kikiwa kando, ausikie ule mvuto wa joto likipanda. Atajionea mwenyewe.

Wasalaam.