Caccini Hakutunga Hiyo Ave Maria

Tafuta "Ave Maria ya Caccini" mtandaoni uone. Okestra, waimbaji wa majina makubwa, mishumaa, kila kitu. Shida ni moja: Caccini hakuitunga. Ni kazi ya Vladimir Vavilov, mpiga gitaa wa Leningrad, aliyeirekodi na kampuni ya Melodiya mwanzoni mwa miaka ya 1970, huku mtunzi akitajwa kuwa hajulikani. Vavilov alifariki mwaka wa 1973. Jina la Caccini lilibandikwa baadaye, na hadi leo kulibandua ni kazi.

Mtu ataniambia, "Si wimbo ni mtamu? Achana nao." Siachani nao. Hebu usikilize vizuri. Maneno yake ni mawili tu, Ave Maria, yanazungushwa mpaka wimbo unaisha. Maneno ni kisingizio, kinachouzwa ni sauti. Na Giulio Caccini alipinga hasa hicho!

Florence ya ujana wake ilipenda nyimbo za sauti nne, tano, zikipishana hadi msikilizaji hashiki kinachosemwa. Yeye akataka mwimbaji mmoja, ala ya nyuzi ikimsindikiza, na kila neno lisikike. Katika utangulizi wa Le nuove musiche, kitabu kilichotoka 1602, amepanga foleni waziwazi: maneno mbele, mdundo wa pili, sauti mwisho. Humo humo analalamika kwamba waimbaji wameziharibu nyimbo zake kwa kupamba noti ovyo, hata mahali pasipohitaji pambo. (Wapo hata leo. Wanajijua.)

Halafu huyu hakuwa mtu wa kuchezea jina. Mwaka wa 1600, Euridice ya Jacopo Peri ilipoimbwa kwenye harusi ya Maria de' Medici, Caccini alishikilia kwamba waimbaji wake waimbe muziki wake yeye, si wa Peri. Kisha akatunga Euridice yake na kukimbilia kuichapisha kabla ya Peri. Wivu? Ndiyo, tena mwingi. Lakini mtu aliyepigania kazi yake hivyo, leo anajulikana kwa wimbo ambao si wake, na Vavilov naye anakosa hata huo mmoja.

Ukitaka Caccini mwenyewe, anza na "Amarilli, mia bella", imo katika kitabu hicho. Na wewe unayechapisha ratiba ya harusi au tamasha, andika Vavilov. Ni herufi saba tu.