Jumuiya za Ufipa ziachwe ziwe za majirani

Katika vijiji vya uwanda wa juu wa Ufipa, na katika mitaa ya mji wa Sumbawanga, waumini wa Kanisa Katoliki hukutana kila juma nyumbani mwa mmoja wao. Husoma Injili ya Jumapili, huizungumza, huulizana nani mgonjwa na nani kafiwa, huchanga kidogo, kisha hutawanyika kwenda mashambani. Padri hayupo. Mkutano huo huitwa Jumuiya Ndogo Ndogo ya Kikristo, na ingawa wenyeji wameuzoea hata hawaustaajabii tena, sisi twauhesabu kuwa ni jambo kubwa lililobuniwa katika dini sehemu hizi za Afrika.

Kwa wasomaji wetu wa Visiwani, ambao pengine huijua Ufipa kwa mahindi yake tu, yafaa tukumbushe lilivyoanza. Wamisionari wa Afrika walifika Karema, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, mahali ambapo leo ni Mkoa wa Katavi, mwaka 1885, wakakabidhiwa ngome iliyoanzishwa na Wabelgiji mwaka 1879. Jumuiya ya kwanza ya Kikristo ilikulia kando ya ngome hiyo: watoto waliokombolewa utumwani na watu waliotengana na koo zao, wakiishi chini ya mapadri walioshika dini na hukumu pamoja. Nao ulikuwa ubunifu, lakini ulimtaka mtu awaache jirani zake ndipo awe Mkristo. Hata hivyo dalili ya njia nyingine ilikuwapo mapema. Adrien Atiman, mtu wa Afrika ya Magharibi aliyepata kuuzwa utumwani, alifika Karema mwaka 1889 akiwa katekista na tabibu, akawahudumia watu huko mpaka alipofariki mwaka 1956. Hakupata kuwa padri.

Maaskofu wa Afrika ya Mashariki, pamoja na wenzao wa Malawi na Zambia, walipokutana Nairobi mwaka 1976 walikata shauri kwamba jumuiya ndogo za majirani ndizo ziwe msingi wa kazi ya Kanisa. Mwaka 1979 wakakutana tena Zomba, Malawi, kuupima uamuzi huo. Hapa Tanzania neno hilo liliwakuta wananchi wamekwisha kumzoea balozi wa nyumba kumi, na Operesheni Vijiji ikiwa ndiyo kwanza imepita. Wafipa hawakungoja Operesheni. Desturi yao ya kukaa katika vijiji vilivyosongamana ni ya zamani, na vivyo hivyo desturi ya kualikana kulima na kumaliza siku kwa pombe. (Pombe, bila shaka, haimo katika maazimio ya maaskofu.) Kwa hiyo twaona kwamba maaskofu walitoa jina na Injili, ujirani wenyewe waliukuta.

Ndiyo sababu twaingiwa na wasiwasi. Katika parokia nyingi nchini, mzazi atakaye mtoto wake abatizwe, vijana watakao kufunga ndoa, na hata wafiwa watakao maziko ya Kikristo, hutakiwa kwanza kuwa na neno la mwenyekiti wa jumuiya. Mwenyekiti naye hufungua daftari: nani alihudhuria, nani alitoa mchango. Hoja ya mapadri twaielewa. Mtu asiyeonekana mwaka mzima hawezi kudai kila kitu siku moja. Lakini kijana aliyekwenda mbali kutafuta kazi, au mama mjane asiye na cha kuchanga, hakosi kwa ukaidi. Na maiti hawezi kuonywa. Msomaji wa Visiwani ajua jinsi jeneza lipitapo mtaani linavyopokewa begani na kila aliye karibu, wala hakuna aulizaye daftari.

Kwa viongozi wa Serikali tuna neno pia. Jumuiya hizi hufika nyumba ambazo ofisi ya kijiji haizifikii upesi, na wengi wanaohudhuria ni akina mama. Kuzitumia kutangaza siku ya chanjo ni jambo jema. Kuzitumia kukusanya michango ya madarasa, au kutaka orodha ya watu wake, ni jambo jingine kabisa. Shina la nyumba kumi lilipoanzishwa na TANU miaka ya 1960 lilikusudiwa kupeleka sauti za wananchi juu na kuleta maagizo chini. Maagizo yalishuka kweli. Za juu zilikopotelea, kila mtu ajua mwenyewe.

Kwa maoni yetu maparoko wa Ufipa wanaweza kuanza na jambo moja lisilohitaji mkutano wala fedha: maziko yatolewe katika daftari. Mahudhurio na michango iendelee kuandikwa kwa mambo mengine ikibidi. Ila katekista anapoitwa msibani, aende.