Sare ya Shule Isigeuzwe Ushuru wa Mlangoni

Wapo watu wanaodai kwamba sare katika shule za umma zifutwe. Wanasema ni kasumba ya mkoloni, ni mzigo kwa mkulima, na kwamba akili ya mtoto haikai katika kaptula. Maneno hayo ni matamu masikioni, lakini hayana budi kupimwa, kwa maana aghalabu anayeyasema ni mtu ambaye mwanawe ana nguo saba za kubadilisha kwa siku saba.

Zikifutwa sare leo, kesho darasa litagawanyika matabaka. Mtoto wa mkubwa ataketi na fulana mpya ya dukani. Mtoto wa kabwela ataketi kando yake na shati lile lile la mtumba alilolilalia. Shati jeupe na sketi ya buluu haviondoi umaskini nyumbani, lakini huuzuia usiketi dawati la mbele na kumcheka mwenzake. Hiyo ndiyo kazi ya sare, na kwa kazi hiyo haina budi kubaki.

Hata hivyo, kuitetea sare si kumtetea yule anayeigeuza rungu. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 ilimtaka mzazi ahakikishe kwamba mtoto wake anahudhuria shule ya msingi. Basi ni haki gani hiyo, dola imtishe mzazi kwa mashtaka kwa sababu mtoto hakwenda shule, na papo hapo shule ya dola hiyo hiyo imrudishe mtoto nyumbani kwa kukosa sweta? Mara kwa mara, shule zinapofunguliwa mwezi Januari, viongozi wamewaagiza walimu wampokee hata mtoto asiye na sare. Agizo linalohitaji kurudiwa ni ushahidi kwamba wapo wasiolitekeleza.

Ada ya shule za msingi ilifutwa mwaka 2001, na kuanzia mwaka 2016 elimu bila ada ikafika hadi kidato cha nne. Lakini Waraka wa Elimu Namba 3 wa mwaka 2016 uliiacha sare mikononi mwa mzazi. Hapo ndipo wajanja walipopata mwanya. Ada ilitolewa kwa mlango wa mbele. Imerudi kwa mlango wa nyuma ikiwa imevaa nembo. Kamati inachagua rangi isiyopatikana sokoni, inataja duka moja tu, na bei inapangwa na mwenye duka. Huo si uongozi wa shule. Huo ni ulanguzi.

Wanaoiita sare kasumba wangefaa kuijua asili yake. Huko London, shule ya Christ's Hospital iliyoanzishwa mwaka 1552 iliwavisha makoti ya buluu watoto yatima na maskini. Sare hiyo ilitolewa na shule yenyewe. Ilianza kama nguo ya kumsitiri asiye nayo. Kuitumia leo kumfukuza asiye nayo ni kuipindua juu chini.

Wala jambo hili si la hisia tu. Katika utafiti ulioanza mwaka 2003 katika shule za msingi 328 magharibi ya Kenya, baadhi ya shule ziliwapa wanafunzi sare bure. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kwamba wasichana waliopewa sare waliacha shule kwa uchache zaidi, na waliopata mimba wakiwa wadogo walipungua. Shati moja na sketi moja vilitosha kubadili njia ya maisha ya msichana. Nani basi atathubutu kuiita sare jambo dogo?

Dawa haiko mbali. Mkulima wa Simiyu na Shinyanga analima pamba, na sehemu kubwa ya pamba hiyo huuzwa nje ikiwa ghafi, wakati mtoto wake hana shati. Nchi iliyoanza kufuma khanga na vitenge katika kiwanda cha Urafiki mwaka 1968 haiwezi kudai kwamba haijui kutengeneza kitambaa cheupe. Rangi za sare ziwe chache na za nchi nzima, ili kaka amrithishe mdogo wake hata akihama wilaya. Vyuo vya ufundi na vya maendeleo ya wananchi vina vyerehani. Vipewe kazi ya kuwashonea wasiojiweza, na halmashauri zitenge fedha za kitambaa. Fundi wa kijijini naye aruhusiwe kushona bila kuomba kibali kwa mwenye duka.

Mpaka hayo yatimie, wajibu wa mwalimu na wa ofisa elimu ni mmoja. Mtoto aliyekuja bila sare aingizwe darasani kwanza, kisha mzazi aitwe, na hali ya nyumba ijulikane. Sare iwe wajibu wa jamii kwa mtoto, isiwe sharti la mtoto kwa jamii. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Na haki ya mtoto ni kusoma.