Malipo ni siri? Siri ya nani?

Najua nimepotea karibu mwezi mzima, wengine mmeanza kutuma meseji kuuliza kama nimedisko. Sijadisko jamani, kwi kwi kwi. Ila leo sina utani. Leo nina dukuduku, na nisipolitoa hapa litanipasua kifua.

Likizo iliyopita nilipata kibarua mjini. Tulikuwa kumi, wote wanafunzi, tunaingiza mafaili ya zamani ya kampuni moja kwenye kompyuta. Kampuni yenyewe haikutuajiri. Kuna wakala, yeye ndiye mwenye mkataba na kampuni, sisi tunaenda kama watu wake. Siku ya kwanza akatupa karatasi tusaini. Ilikuwa na kurasa mbili, lakini kipengele alichotusomea kwa sauti ni kimoja tu: malipo ni siri. Usimuulize mwenzako, usimwambie mfanyakazi yeyote wa kampuni. Ukikiuka, kazi huna. Nikasaini. Bumu lilikuwa limekata, ningesaini hata karatasi tupu.

Malipo yenyewe shilingi 12,000 kwa siku. Nauli juu yako, chakula juu yako.

Basi bwana, wiki ya tatu ankara ya wakala ikasahaulika kwenye printa. Wafanyakazi wa kudumu wakaisoma kabla yetu. Mchana kaka mmoja akaja mezani kwetu akasema, "Madogo, kumbe mnavuta elfu thelathini kwa siku kila mmoja! Sasa mbona kila siku mnakula mihogo, hela mnapeleka wapi?" Wengine wakacheka. Wengine hawakucheka, walinuna, kwamba vitoto vya chuo vinalipwa kuliko wao. Kuanzia siku ile hata kuonyeshwa faili fulani liko kabati gani ikawa shughuli.

Sisi tukabaki tunatazamana. Elfu thelathini?

Mwenzetu mmoja, tumwite Mzee wa Hoja, hakuvumilia. Jioni akamfuata wakala kwa heshima zote: "Samahani bosi, naomba kuuliza kuhusu malipo yetu." Wakala hakujibu habari ya malipo. Alichouliza ni, "Nani kakuambia?" Kesho yake asubuhi mlinzi getini alikuwa na karatasi yenye majina tisa.

Na sisi tisa tukaingia. Mimi nilikuwa wa tatu kwenye foleni, na sikugeuka nyuma.

Sasa tufanye hesabu ya darasa la nne. Thelathini toa kumi na mbili ni elfu kumi na nane. Zidisha kwa watu kumi, ni 180,000 kwa siku. Tulifanya siku 30. Hiyo ni 5,400,000 (kasoro zile siku za Mzee wa Hoja). Sikatai, wakala naye anakula jasho lake. Katafuta tenda, kasubiri kulipwa, ana kodi na ofisi. Cha juu ni haki yake. Lakini kama ni haki yake, kwa nini kinafichwa? Dalali wa vyumba hapa mtaani tunamlaumu kila siku, lakini angalau anakwambia kabisa kwamba kodi ya mwezi mmoja ni yake. Unajua unachokatwa, unakubali au unaondoka.

Mwenzangu wa chumbani anasoma biashara, tumebishana juu ya hili hadi saa saba usiku. Hoja yake ni kwamba bei kati ya kampuni na wakala ni siri ya biashara, mshindani akiijua atashusha kidogo na kuchukua tenda. Pia anasema malipo ya mtu ni faragha yake. Nakubali yote mawili. Ile ankara haikupaswa kulala kwenye printa. Ilitakiwa iishie kwa mhasibu na kwa meneja anayeidhinisha. Uzembe wa ofisi ndio uliotufanya tuchekwe na tununiwe.

Lakini angalieni vizuri siri ilivyofanya kazi. Malipo ni yangu, faragha ni yangu, halafu anayezuiwa kuyataja ni mimi! Kama ni faragha yangu, basi ufunguo niwe nao mimi. Niamue kumwambia mwenzangu au kunyamaza. Ofisi inyamaze kwa niaba yangu, sawa. Isininyamazishe mimi. Pale wote walijua bei isipokuwa wale waliokuwa wanauzwa kwa bei hiyo. Hiyo si siri ya biashara wadau, ni kitambaa cha macho.

Na msidhani ni mambo ya Bongo tu. Marekani kulikuwa na mama anaitwa Lilly Ledbetter, alifanya kazi kiwanda cha matairi cha Goodyear huko Alabama kuanzia 1979 hadi 1998. Karibu na kustaafu akaletewa kikaratasi kisicho na jina la mtumaji, kina mishahara ya wanaume waliokuwa na cheo kama chake. Yeye alikuwa anapata dola 3,727 kwa mwezi, mwanaume wa chini kabisa 4,286. Akashtaki. Mwaka 2007 Mahakama Kuu ya nchi ikasema, kwa kura 5 dhidi ya 4, kwamba kachelewa. Angewahi vipi wakati hajui? Mwaka 2009 ikapitishwa sheria yenye jina lake kurekebisha hilo. Uingereza nao, Sheria ya Usawa ya 2010, kifungu cha 77, inasema mwajiri hawezi kutumia kipengele cha siri kukuzuia kuulizana mishahara mnapotaka kujua kama kuna ubaguzi. Kwa hiyo kumbe kusaini hakumalizi kila kitu.

Halafu sisi ni walimu watarajiwa. Mshahara wa mwalimu wa serikali unajulikana hadi na muuza genge. Mwenye shahada anaanza TGTS D, ngazi ziko wazi, hakuna anayemuuliza mwenzake kwa kunong'ona. Tunalalamika ni mdogo, tena tunalalamika kwa pamoja, kwa sababu wote tunakijua kiasi. Hebu fikiria kama kila mwalimu angekuwa na mshahara wake wa siri. Tungelalamikia nini?

Wiki iliyopita wakala kanipigia, kuna tenda nyingine likizo ijayo. Sijamjibu. Nataka nimuulize kwanza kampuni inalipa ngapi kwa kichwa, na nitauliza nikiwa na wenzangu, si mmoja mmoja kama alivyouliza Mzee wa Hoja. Akikataa kusema, atafute watu wengine. Najua watakuwepo, njaa haina likizo. Ndiyo maana naandika.

Mzee wa Hoja, najua unasoma hapa. Ulituulizia sote, nasi tukakuacha getini. Nisamehe ndugu yangu.

Nyie wengine mliofanya vibarua likizo, semeni mlilipwa ngapi. Naanza mimi: elfu kumi na mbili.

Nawasilisha.