Mji Usio na Mwandishi

Katika jimbo la California nchini Marekani, kitongojini mwa jiji la Los Angeles, upo mji mdogo uitwao Bell, uliokuwa na wakazi wapatao 35,000 mwaka 2010, aghalabu wahamiaji na watu wa kazi za mikono, ambao kwa miaka mingi walilipa kodi zao wasijue kwamba mtendaji mkuu wa mji wao, Robert Rizzo, alikuwa akipokea mshahara wa karibu dola 800,000 kwa mwaka, takriban maradufu ya mshahara wa Rais wa Marekani. Madiwani wanne kati ya watano nao walikuwa wakichukua karibu dola 100,000 kila mmoja kwa kazi isiyokuwa ya kutwa, kwa hila ya kulipwa posho za kamati ambazo hazikukutana ila kwa dakika chache.

Waliofichua dhuluma hiyo, mwezi wa Julai 2010, ni waandishi wawili wa gazeti la Los Angeles Times, Jeff Gottlieb na Ruben Vives, ambao walianza kwa kupeleleza habari za mji jirani wa Maywood, kisha wakadai kwa nguvu ya sheria waonyeshwe mikataba ya Bell. Mwaka uliofuata wananchi waliwaondoa madiwani kwa kura, na mwaka 2014 Rizzo akahukumiwa kifungo cha miaka 12.

Linalonishughulisha zaidi si adhabu hiyo, ijapokuwa ilistahiki, bali ni kwamba sehemu kubwa ya hila ile ilitendeka kwa njia zilizo wazi. Mwaka 2005 iliitishwa kura ya kuubadilishia mji hadhi yake, mabadiliko yaliyowatoa madiwani katika mipaka ya mishahara iliyowekwa na jimbo, na waliojitokeza kupiga kura hawakufika 400. Sheria ilikuwapo na nyaraka zilikuwapo. Aliyekosekana ni mtu mwenye subira ya kuketi barazani mwezi baada ya mwezi, akasikiliza, akahesabu, akauliza.

Nasi huku Afrika ya Mashariki tuna sheria za haki ya kupata habari, Kenya na Tanzania zote mwaka 2016, na kila mwaka Mkaguzi Mkuu hutoa ripoti kuhusu hesabu za halmashauri zetu, ripoti ambayo magazeti huishangilia kwa siku kadhaa, kisha kimya. Lakini mkaguzi huja fedha zikiwa zimekwisha kuliwa, ilhali mwandishi aliyeko wilayani angeweza kuuliza zabuni ya soko ilitolewa kwa nani kabla tofali la kwanza halijawekwa. Naye huyo mwandishi, ole wake, mara nyingi hulipwa kwa kila habari iliyochapishwa, malipo yasiyotosha hata nauli, hata hulazimika kupanda gari la halmashauri ile ile anayopaswa kuichunguza na kupokea bahasha kutoka kwa afisa wake. Sioni insafu kumlaumu kwa unyonge ambao sisi wenyewe tumemtwika.

Basi wamiliki wa magazeti na wampe mshahara wa mwezi, nauli yake, na wakili wa kumtetea akishtakiwa; na wamlipe hata mwezi ambao kikao cha madiwani hakikutoa habari ya kuchapishwa.